Rivolva ya .22 inapogoma: shika kalamu kabla hujagusa springi

Swali: "Fundi, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, naishi Fort Worth, Texas. Vidole vyangu vina baridi yabisi, na bastola ya .38 niliyojaribu ilinipiga teke hadi nikaumwa mkono siku tatu. Nikanunua rivolva ndogo ya .22, nyepesi sana, ya risasi nane. Muuzaji aliniambia rivolva haina usumbufu, hata nikiiweka droo miaka kumi. Nyumbani nilizoea kuifyatua tupu ili mkono uzoee triga. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa kulenga shabaha nilipiga risasi hamsini. Tano zilikataa kulia. Baada ya thelathini hivi maganda yakaanza kunasa, nikayachokonoa kwa ufunguo wa gari. Triga ni nzito mno. Mpwa wangu anataka kuniwekea springi laini. Nimkubalie, au niirudishe dukani?"

Salama, dada. Mwambie mpwa wako asubiri, na dukani usiende bado. Kwanza tujue ni kitu gani hasa kinachogoma, maana risasi tano katika hamsini ni moja katika kila kumi, na hicho ni kiwango kibaya kwa silaha unayotaka ikulinde usiku. Lakini namna ulivyoeleza, naona angalau sababu tatu zinazoweza kuwa zimeingiliana, na springi huenda haimo kabisa.

Muuzaji alikosea kidogo, ingawa kosa lake ni la wengi. Rivolva kubwa ya chuma ya .38 (namba hizi ni takriban upana wa risasi kwa inchi) ni mvumilivu kweli. Ya .22, tena nyepesi, ni kiumbe kingine: inataka usafi zaidi, inachagua risasi, na ina sehemu ndogo zinazolegea. Naipenda, nimetengeneza nyingi, lakini sijawahi kumwambia mteja aiweke droo miaka kumi.

Chukua ganda moja ulilokwisha kupiga, ulitazame kwenye mwanga. Risasi ya .38 ina kifuniko kidogo cha duara katikati ya kitako. Hapo ndipo kiwashio kilipo. Ganda la .22 halina kitu katikati. Kiwashio chake kimo ndani ya ukingo, ule mdomo uliotokeza kuzunguka kitako, ambao kwa ndani ni mtupu kama mfereji. Kiwandani huweka kiwashio kibichi ndani ya ganda, kisha hukisambaza kiingie mferejini pande zote, ndipo baruti na kichwa cha risasi vinafuata. Ukivuta triga, pini, ile ncha inayosukumwa na nyundo, inaufinya ukingo dhidi ya mdomo wa tundu la silinda, lile pipa linalozunguka lenye matundu ya risasi, kiwashio kinabanwa katikati, kinawaka. Ufundi huu ni wa zamani sana: rivolva ya kwanza ya Smith & Wesson, ya mwaka 1857, ilikuwa ya .22 ya namna hiyo hiyo, na risasi ya .22 Long Rifle unayotumia wewe ni ya 1887.

Sasa kiwashio kisiposambaa sawasawa, hubaki sehemu ya ukingo haina kitu. Pini ikiangukia hapo, unasikia mlio mkavu wa chuma, basi. Ukiizungusha risasi ile ile kidogo ndani ya tundu na kuipiga upande mwingine, mara nyingi inalia. Huo ni udhaifu wa risasi. Bastola haina kosa. Na ndiyo maana risasi za bei nafuu, zile za boksi kubwa la mia tano, zinagoma zaidi kuliko zile zilizopangwa mojamoja kwenye kiboksi cha plastiki.

Upande wa pili ni mwili wenyewe. Smith & Wesson 317, iliyotoka 1997, ina uzito wa takriban gramu 300; Ruger LCR ya .22, iliyoingia sokoni 2011, ni gramu 420 hivi. Katika mwili mdogo namna hiyo nyundo nayo ni ndogo, na nafasi yake ya kurudi nyuma ni fupi. Kuufinya ukingo wa shaba kunataka nguvu kuliko kubonyeza kile kifuniko laini cha .38. Kiwanda kinafidia kwa kuweka springi ngumu, na ugumu huo ndio unaousikia kwenye kidole. Triga za bastola hizi kwa kawaida zinataka kilo tano hadi sita na nusu za mvuto. Huo uzito umewekwa makusudi. Mpwa wako akiweka springi laini utafurahi nyumbani, kisha uwanjani risasi tano zitakuwa kumi na tano. Nimezirudishia bastola nyingi springi zao za awali, na mara nyingi mwenyewe alikuwa bado nazo kwenye droo ndani ya kijifuko.

Basi chukua kalamu ya wino usiofutika kwa maji. Hakikisha silinda ni tupu: hesabu matundu manane kwa macho na kwa ncha ya kidole. Andika namba 1 hadi 8 kwenye ubavu wa silinda, kila tundu na namba yake. Wino huo utatoka baadaye kwa dawa ya kusafishia. Chora jedwali kwenye karatasi: namba za matundu upande mmoja, aina za risasi upande mwingine. Nunua aina tatu za risasi, na angalau moja iwe yenye kichwa kilichopakwa shaba, kama CCI Mini-Mag. Kila inapogoma, elekeza mtutu kwenye shabaha na uhesabu sekunde thelathini kabla ya kufungua, kwa sababu kiwashio kinaweza kuchelewa kuwaka. Kisha fungua, soma namba ya tundu, weka alama kwenye jedwali.

Baada ya risasi mia mbili hivi karatasi itaanza kusema. Alama zikirundikana kwenye tundu namba 3 na 6 tu, tatizo liko kwenye matundu hayo. Zikirundikana chini ya aina moja ya risasi, achana na aina hiyo. Zikitapakaa kila mahali, tazama alama ya pini kwenye ukingo wa risasi zilizogoma. Tumia kioo cha kukuzia, na kamera ya simu inatosha pia. Alama nzito, iliyodidimia vizuri, maana yake pini ilifanya kazi yake na kiwashio kilikosekana. Alama hafifu, kama mtu aliyegusa kwa ukucha, maana yake nguvu haikufika.

Hapo kwenye alama hafifu ndipo watu wengi wanakimbilia springi, na ndipo ninapokuomba utulie. Fanya jambo moja kwanza: iache risasi iliyogoma ndani ya tundu lake bila kuizungusha, irudishe izunguke, uipige tena. Ikilia mara ya pili, basi mara ya kwanza haikuwa imekaa hadi mwisho. Pini ilipoigonga iliisukuma mbele, nguvu ikaishia kwenye kusukuma. Mara ya pili risasi ilikuwa imegota, ukingo ukafinywa sawasawa. Tatizo kama hilo linatokana na uchafu ndani ya tundu, au kidonda kwenye mdomo wake.

Nakuja kwenye kufyatua tupu, dada, na hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine uliyoandika. Kwenye .38 pini ikikosa risasi inapita hewani. Kwenye .22 pini iko pembeni, imeelekezwa kwenye ukingo, na ukingo usipokuwepo inaweza kupiga chuma cha silinda. Ukirudia mara mia, mdomo wa tundu unapata mkwaruzo, kisha kidonda, na chuma kilichosukumwa kinachomoza kwa ndani. Risasi inaanza kukwama kabla haijakaa, na mahali pini inapopiga panakuwa na shimo, kwa hiyo ukingo hauna kitu cha kuegemea ili ufinywe. Smith & Wesson wanakataza wazi kufyatua tupu bastola zao za .22. Viwanda vingine vina kanuni zao. Kijitabu kilichokuja na bastola yako ndicho cha kusoma kabla ya video yoyote. Chukua tochi, tazama mdomo wa kila tundu, pale juu kabisa, penye namba 12 ya uso wa saa, tundu linapokuwa juu. Ukiona kijishimo cha mstatili chenye ukingo unaong'aa, usikisugue kwa msasa. Fundi ana chombo maalumu cha kukirudisha chuma mahali pake bila kupanua tundu.

Mazoezi ya triga unayahitaji, sikukatazi. Tumia zile plagi ndogo za manjano za plastiki za kushikia skrubu ukutani, saizi ya 4-6-8, inchi 7/8. Zinaingia kwenye matundu ya .22 vizuri ajabu, na pini inatafuna plastiki badala ya chuma. Zungusha kila moja baada ya mapigo machache, na zikiliwa tupa uweke mpya. Risasi hai ziwe chumba kingine, mlango umefungwa. Kwa mkono wenye baridi yabisi, mapigo ishirini kwa siku yanatosha, ukipumzika katikati. Hilo wewe muuguzi unalijua kuliko mimi.

Maganda kunasa baada ya thelathini ni uchafu, karibu bila shaka. Vichwa vingi vya .22 ni madini matupu ya risasi yaliyopakwa nta, na baruti yake huacha masizi mengi kwa kipimo cha risasi ndogo hivyo. Nta, masizi na chembe za madini vinajenga ngozi ndani ya tundu. Ganda la shaba ni jembamba. Risasi inapolia linatanuka, linaikumbatia ngozi ile, halirudi. Kuna na jambo la kijiti cha kutolea maganda. Kwenye mtutu wa inchi mbili kijiti ni kifupi, hakisukumi ganda hadi litoke lote. Kinalifikisha sehemu ya njia, nyingine ni kasi na uzito wa ganda lenyewe. Ukisukuma taratibu kwa kidole gumba kinachouma, maganda yanatoka nusu na kusimama hapo hapo.

Fanya hivi. Fungua silinda, elekeza mtutu juu kabisa, shika bastola kwa mkono wa kushoto, kisha piga kijiti kwa kitako cha kiganja cha kulia, pigo moja la haraka, kama unavyopiga chini ya chupa ya tomato. Kidole gumba kisishiriki. Mtutu ukiwa juu, chembe za baruti ambayo haikuungua zinaanguka chini pamoja na maganda. Ukiulaza, chembe hizo zinaingia chini ya nyota, kile kipande chenye meno kinachoinua maganda, na hapo ndipo shida mpya inazaliwa.

Mwaka jana mzee mmoja aliniletea rivolva akisema imekufa: silinda haizunguki, triga haivutiki. Alikuwa amekwisha kuulizia bei ya nyingine. Niliinua nyota kwa ukucha, nikaigeuza kwenye mwanga wa taa. Pale chini ilikaa chembe moja ya baruti, bapa, rangi ya kijivu, ndogo kuliko punje ya ufuta. Imeiinua nyota kwa unene wa unywele, na unywele huo ulitosha kuifanya silinda isugue bamba lililo nyuma yake. Nikapitisha mswaki mkavu, nikafunga, ikazunguka. Mzee alinitazama kana kwamba nimefanya mazingaombwe. Tangu siku ile kila bastola ya .22 inayoingia mezani kwangu naanza kwa kuinua nyota kabla ya kuuliza chochote.

Kwa hiyo kwenye mkoba wako wa uwanjani weka mswaki mkuukuu wa meno na brashi ya shaba ya .22 yenye mpini mfupi. Kila baada ya risasi hamsini, silinda ikiwa tupu, pitisha brashi katika matundu yote manane, kisha mswaki chini ya nyota na kwenye bamba la nyuma. Dakika tatu. Ufunguo wa gari uache mfukoni: chuma chake ni kigumu kuliko alumini ya silinda nyepesi, na mkwaruzo mmoja kwenye mdomo wa tundu unafanya kazi ile ile ya kufyatua tupu. Ganda likinasa kabisa, lisukume kutoka mbele kwa kijiti cha mbao, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna risasi hai hata moja ndani ya silinda.

Nyumbani usafi unakuwa wa kina zaidi, ila angalia silinda yako ni ya nini. LCR ina silinda ya chuma cha pua, inavumilia. 317 na 43C, zote za Smith & Wesson, zina silinda za alumini, na alumini hiyo imevikwa ngozi ngumu iliyo nyembamba sana. Usitumie dawa yenye amonia, sufu ya chuma, msasa, wala brashi iliyofungwa kwenye drili. Usiilaze kwenye dawa usiku kucha. Paka, subiri dakika kumi, sugua kwa shaba au nailoni, kausha kwa kitambaa. Ngozi ile ikitoka hairudi, na tundu la alumini iliyo wazi linanasa maganda hata likiwa safi.

Matundu yaache makavu. Hili watu wanalikosea kwa nia njema: wanapaka oili kila mahali, silaha ing'ae. Kichwa cha risasi ya .22 hakibanwi sana kwenye ganda, na oili inayopenya inaweza kufika kwenye baruti na kiwashio. Tone moja kwenye mhimili wa silinda, jingine kwenye kijiti, ufute kinachobaki. Risasi zilizokaa ndani ya bastola miezi kadhaa zitumie uwanjani, uweke mpya. Na ukibeba kwenye mkoba wa mkononi, nyuzi za kitambaa na poda vitaingia. Nimewahi kukuta pipi iliyoyeyuka imegandisha silinda.

Kijiti cha kutolea maganda nacho kinalegea. Kwenye bastola za Smith & Wesson za sasa uzi wake ni wa kinyume, unakazwa kwa kugeuzia kushoto. Kikilegea kinarefuka taratibu upande wa mbele, na siku moja silinda inakataa kufunguka huku risasi zimo ndani. Kabla ya kila safari ya uwanjani kishike kwa vidole, silinda ikiwa wazi na tupu, ukione kama kinacheza. Ikikwama kwa namna hiyo usilazimishe kwa koleo. Elekeza mtutu mahali salama, uite msimamizi wa uwanja. Skrubu za ubavuni nazo zitazame. Alumini ni laini, kwa hiyo bisibisi isiyolingana na mfereji wa skrubu inaharibu siku moja kinachotumika miaka ishirini.

Kuna mambo matatu ya usalama. Ukisikia mlio dhaifu, kama kizibo, simama hapo hapo: kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Usiweke .22 Long Rifle kwenye bastola ya .22 Magnum hata kama inaingia. Tundu la Magnum ni pana zaidi, ganda linapasuka na gesi inatoka nyuma. Na .22 Short zinaruhusiwa kwenye tundu la Long Rifle, ila zinaacha pete ya masizi mbele ya ganda fupi, kisha Long Rifle haikai hadi mwisho. Ukizitumia, safisha kabla ya kubadilisha.

Halafu mikono yako. Lugha yetu inaiita risasi kwa jina la madini yenyewe, na madini hayo ni sumu. Yamo kwenye vichwa, na kwa risasi nyingi yamo hata kwenye kiwashio. Baada ya uwanja nawa kwa maji baridi na sabuni kabla ya kushika chakula au kumbeba mtoto. Nguo zifuliwe peke yake.

Umeuliza kama uirudishe. Ukikuta mdomo wa tundu una kidonda, duka halitaipokea bila maneno, na sitakudanganya kwamba kosa litakuwa lao. Peleka kwa fundi. Ukikuta matundu ni mazima, safisha, chagua ile aina ya risasi ambayo jedwali limeipenda, upige mia mbili za aina hiyo. Zikigoma moja au mbili zenye alama nzito ya pini, mimi ningeikubali kama bastola ya mazoezi bila kusita. Kama silaha ya nyumbani ningeikubali kwa shingo upande, nikikumbuka neema ya rivolva: risasi ikigoma, unavuta triga tena na tundu linalofuata linakuja lenyewe, huna la kuchomoa wala kuvuta. Tatizo lako wewe ni kwamba kuvuta tena ni kilo sita nyingine kwa kidole kinachouma.

Ndiyo maana, kama mfuko unaruhusu, ningekushauri ujaribu rivolva ya .32 kabla hujaamua. Zipo nyepesi, LCR yenyewe hutengenezwa pia ya .327 Federal, na bastola ya .327 inapiga .32 H&R Magnum na hata .32 S&W Long, risasi ya polepole ya tangu 1896 ambayo teke lake ni la upole mno. Kiwashio chake kiko katikati, hakitaki kupigwa kwa nguvu kama ukingo, kwa hiyo triga yake kwa kawaida ni laini kuliko ya .22 ya ukoo ule ule. Risasi ni ghali na hazipatikani kila duka. Viwanja vingi vya Texas vinakodisha bastola, uliza kama wanayo ya .32, upige kumi tu, mkono wako wenyewe utakujibu.

Jedwali likijaa, lipige picha pamoja na picha za karibu za alama za pini kwenye zile zilizogoma, ukitaja namba ya tundu kwa kila moja. Risasi zenyewe usizibebe wala usizitume kwa posta. Ziache kwenye ndoo ya uwanja ya risasi zilizogoma. Kama ni namba mbili tatu zinazorudia, nitajua nianzie wapi kabla hata hujaifungua bastola mezani kwangu.